Ukungu Chumbani, Bahasha ya Njano Kabatini: Nirudi Lushoto?

Wapendwa washauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mke wa mchungaji wa Kilutheri, kwetu Lushoto. Dayosisi ilimtuma mume wangu kuhudumu miaka mitatu katika sharika rafiki za magharibi mwa Ujerumani, jimbo la Nordrhein-Westfalen. Tulifika Agosti na watoto wawili, wa kiume ana miaka 8 na wa kike 3. Sasa ni mwisho wa Januari, na nimefika mahali nataka kuchukua wanangu nirudi nyumbani, baba yao amalizie utume peke yake.

Nilidhani baridi naijua, maana Lushoto mwezi wa saba tunalala na mablanketi mawili. Hii ni nyingine. Desemba ilipofika, saa kumi na moja jioni ilikuwa usiku kabisa. Ili tupate cha kutuma nyumbani tumezima kipasha joto cha chumba cha watoto, tunaacha mlango wazi joto la sebuleni liwafikie. Juzi nilisogeza kabati lao la nguo nikakuta ukuta wa nyuma umejaa madoa meusi, na koti la kanisani la mwanangu lina ukungu mabegani. Mwenye nyumba alikuja, akatazama, akasema hatujui kuishi kwenye nyumba. Mdogo anakohoa usiku.

Jirani wa chini, bibi mtu mzima, aligonga dari kwa fagio Jumapili saa nane mchana nilipokuwa natwanga karanga. Kesho yake nikakuta karatasi imebandikwa kwenye pipa la taka, nikaelewa neno moja tu: plastiki. Mwanangu tangu Agosti hajasema kitu darasani, mwalimu ametuita. Washarika baada ya ibada wanatabasamu na kusema "njooni siku moja", lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga hodi kwetu. Kuna bahasha ya njano ililetwa kabla ya Krismasi. Inaonekana ya kiserikali, nimeiweka kabatini kwa sababu mume wangu anashinda sharikani na mimi naogopa kuifungua. Hata ugali umenishinda: unga mweupe wa mahindi nilioununua dukani uligeuka gundi.

Nyumbani nilikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika. Huku sijui hata kutupa taka. Je, nirudi?

Mama wa Wawili

*

Mama Mchungaji, asifiwe milele.

Kabla ya swali lako la kurudi, na kabla ya ule ukuta, toa bahasha kabatini uifungue leo. Mambo mengine yote uliyoandika yanaweza kungoja wiki moja, hilo haliwezi. Bahasha ya njano Ujerumani ni barua ya kukabidhiwa rasmi. Mtu wa posta huandika tarehe kwenye bahasha yenyewe, na kuanzia siku hiyo sheria inahesabu kwamba mmeipokea, hata kama aliitumbukiza tu kwenye sanduku lenu na ninyi hamkuwepo. Kwa hiyo bahasha usiitupe, ibane pamoja na barua yake. Ndani tafuta neno Frist, yaani siku ya mwisho ya kujibu, kisha tafuta aya yenye kichwa kirefu cha Rechtsbehelfsbelehrung. Hiyo ndiyo inayoeleza unapinga vipi, kwa nani, na ndani ya muda gani. Uamuzi wa faini ya barabarani una wiki mbili za kupinga. Maamuzi mengi ya ofisi za serikali yana mwezi mmoja.

Kama ilikuja kabla ya Krismasi, huenda muda umeshapita. Usiogope kwa hilo, ila usiongeze siku nyingine. Mara nyingi kilichomo ni kitu kidogo, kwa mfano kamera ya barabarani ilimnasa Baba Mchungaji akikimbilia usharika wa pili. Kinachoumiza watu ni kunyamaza, kwa sababu gharama za kukumbushwa hupanda juu ya deni mpaka anakuja mkusanya madeni. Ichukue barua, bahasha, pasipoti na vibali vyenu vya ukaazi, nenda kwenye ofisi ya ushauri kwa wahamiaji. Inaitwa Migrationsberatung, inaendeshwa na mashirika ya huduma ya makanisa, Diakonie na Caritas, na mengine ya namna hiyo, na ni bure. Usione haya kwa kuwa ninyi ni watumishi. Huko wanasoma barua za namna hiyo kila siku.

Siku hiyohiyo waulize kuhusu Kindergeld, posho ya watoto ya serikali. Tangu Januari 2026 ni euro 259 kwa mwezi kwa kila mtoto, na mwenye kibali kinachomruhusu kufanya kazi kwa kawaida anastahili. Hukuitaja, na tunahisi hamjaomba. Sheria yake ni kali kwenye jambo moja: inalipwa kurudi nyuma miezi sita tu kabla ya mwezi mliopeleka maombi. Mlifika Agosti. Maombi yakifika Februari, Agosti bado imo. Yakifika Machi, Agosti imepotea, na kila mwezi mnaongoja unakula mwezi mwingine.

Angalia pia kama mlishapata barua ya ada ya redio na televisheni. Ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba tangu Agosti 2021, uwe na televisheni au usiwe nayo. Wageni wengi huitupa wakidhani ni matapeli. Si matapeli.

Sasa ukuta, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu mambo mengi uliyoyalalamikia yameanzia chumbani humo.

Kiswahili chetu kina neno moja, ukungu, kwa yale mawingu yanayoshuka kutoka Magamba asubuhi na kwa yale madoa yaliyo nyuma ya kabati. Lushoto ukungu uko nje, na mwenye akili hufunga dirisha. Huko uliko unazaliwa ndani, na dawa yake ni kufungua dirisha. Tunajua linavyosikika, kumwambia mama afungue dirisha wakati nje ni nyuzi sifuri na mtoto anakohoa. Ila hesabu yake ni hii. Hewa ya moto hubeba maji mengi, ya baridi hubeba machache. Sebule yenu ikiwa na nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, kila mita ya ujazo ya hewa imebeba gramu 10 za maji na kidogo. Hewa hiyo ikiingia chumba cha watoto kupitia ule mlango mliouacha wazi, ikafika nyuma ya kabati ambako ukuta una nyuzi 10, pale haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kidogo. Kinachozidi kinatua ukutani. Usiku mmoja haukionyeshi, ila wiki sita zinatosha kulisha madoa uliyoyaona. Na ukungu huo, yaani kuvu, haungoji hata ukuta ulowe, unaota mara tu hewa inayougusa inapokaribia kushiba maji.

Kwa hiyo ule mlango wazi ndio uliokuwa ukibeba maji kutoka jikoni na sebuleni kuyapeleka kwenye ukuta wa baridi. Familia ya watu wanne hutoa hewani kama lita 6 hadi 12 za maji kwa siku, kwa kupumua, kuoga, kupika na kuanika nguo. Maharage yanayochemka saa mbili bila mfuniko yana sehemu yake humo, na nguo za wiki zikianikwa sebuleni zina kubwa zaidi.

Fanya hivi. Kipasha joto cha chumba cha watoto kiwashwe na kibaki kimewashwa, kile kitufe cha kuzungusha kikae kati ya 2 na 3. Namba 2 ni kama nyuzi 16, namba 3 ni kama 20, na ile alama ya nyota ni ya kuzuia mabomba yasigande tu, haipashi mtu joto. Kuweka 5 hakuharakishi chochote, chumba hupata moto kwa kasi ileile kisha kinapitiliza. Mlango wa chumba hicho ufungwe. Halafu asubuhi mkiamka, baada ya kupika, na kabla ya kulala, fungua madirisha wazi kabisa, mshikio ukiwa umelala mlalo, na ikiwezekana fungua na la upande wa pili upepo ukatize nyumba. Kukiwa na baridi ya kugandisha dakika tano zinatosha, kukiwa na nyuzi 5 au 10 ziwe kumi. Watoto wakae chumba kingine. Kabla ya kufungua, rudisha kitufe cha kipasha joto kwenye nyota, maana kikipigwa na hewa baridi chenyewe hufungua maji ya moto yote, ukawa unapasha joto barabara. Hewa ya nje yenye nyuzi sifuri haina hata gramu 5 za maji. Ikishaingia na kupata moto inakuwa kavu, inanyonya unyevu wa nyumba, na ukifungua tena unautoa nje.

Usiliinamishe dirisha siku nzima, ule mkao wa mshikio kuelekea juu. Ndilo kosa la wenyeji wenyewe pia. Hewa haibadiliki vya kutosha, ukuta wa juu ya dirisha unapoa, na ukungu unaota papo hapo.

Nunua kipima unyevu, kile kidogo cha mezani, kama euro 10. Lenga kati ya asilimia 40 na 60. Kikipita 60, fungua. Kabati lihamie ukuta wa ndani, usio na nje upande wa pili. Kama hakuna nafasi, liache sentimita 10 kutoka ukutani. Nguo anikeni kwenye chumba cha kukaushia cha chini ya jengo kama kipo, na mashine izungushe kwa kasi ya juu kabisa ambayo nguo zinavumilia. Mvuke wa bafuni utoke kwa dirisha la bafuni mlango ukiwa umefungwa. Maharage yaloweke usiku kucha na kuyapika kwenye sufuria ya presha.

Madoa yenyewe usiyaguse kabla ya kuyapiga picha, ukiweka rula kando ukubwa uonekane. Eneo likizidi nusu mita ya mraba ni kazi ya fundi, na kwa maelezo yako tunadhani limezidi. Dogo unaweza kulifuta mwenyewe ukiwa na glavu, barakoa ya FFP2 na miwani, kwa alkoholi ya asilimia 70 hadi 80 kutoka duka la dawa. Dirisha liwe wazi, moto usiwepo karibu, na upake kwa kitambaa, usipulize, maana mvuke wake unalipuka. Vitambaa uvifunge ndani ya mfuko uvitupe. Siki usitumie: chokaa ya ukuta inaiua nguvu na kinachobaki kinailisha kuvu. Koti lifuliwe, na kama harufu haitoki, liache liende.

Na mwenye nyumba? Mwandikieni barua yenye tarehe na picha, mkieleza lini mliona, wapi, na ukubwa gani. Barua hiyo inaitwa Mängelanzeige. Itumeni kwa posta yenye kumbukumbu. Kuanzia siku hiyo andika kwenye daftari, mara tatu kwa siku, nyuzi na unyevu wa chumba hicho na saa ulizofungua dirisha. Wiki mbili za daftari hilo zina nguvu kuliko maneno. Likionyesha nyuzi 18 na asilimia 50 na bado ukungu unarudi, kasoro ni ya ukuta, na mkifika kwenye mzozo yeye ndiye anayetakiwa kwanza kuonyesha kwamba jengo lake ni zima. Tutakuambia ukweli lakini: kwa majira haya ya baridi, kipasha joto kilichozimwa kimewapunguzia haki. Kodi ya nyumba msikate hata senti bila kushauriwa na chama cha wapangaji, Mieterverein. Malimbikizo ya miezi miwili yanampa mwenye nyumba sababu ya kuwatoa.

Kikohozi cha mdogo kionwe na daktari wa watoto wiki hii, umwambie wazi kwamba chumbani kuna ukungu. Muulize pia kuhusu vitamini D kwa watoto wote wawili na kwako. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko haliitengenezi mwilini ipasavyo, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Kipimo cha dawa akipange yeye.

Sasa ona fedha ilivyoingia humo. Mmezima kipasha joto ili mtume nyumbani. Joto mnalipia kwa makadirio ya kila mwezi ndani ya kodi ya nyumba, na hesabu halisi inakuja mwaka unaofuata, kwa hiyo hata hiyo akiba hamjaiona bado. Hao ndugu wanaoomba wamesikia mshahara kabla ya makato. Hawajaona kodi ya mapato, bima ya afya, ya pensheni, ya kukosa kazi, ya uangalizi wa wazee, wala kodi ya kanisa, ambayo kwenye jimbo lenu ni asilimia 9 ya ile kodi ya mapato (si ya mshahara, wengi hukosea hapo). Kaeni wawili mpange kiasi kimoja na tarehe moja ya mwezi, Baba Mchungaji amweleze kaka mkubwa au mjomba mmoja anayesikilizwa, na maombi yote yapitie kwake. Ada ya shule na ugonjwa viwe na mfuko wake mdogo. Joto la chumba cha watoto lisiingie kwenye mazungumzo hayo kabisa.

Jirani wa chini. Jumapili na sikukuu ni siku za utulivu kutwa, siku nyingine ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na majengo mengi yana kimya cha saa saba hadi saa tisa mchana kwenye kanuni za nyumba. Kinu kwenye sakafu ya zege kinasikika chini kama nyundo. Twanga siku za kazi kabla ya saa saba au alasiri, kinu kikae juu ya taulo nene lililokunjwa mara nne, au nunua siagi ya karanga tupu, ile ambayo kwenye kopo imeandikwa karanga asilimia 100. Ile karatasi ya kwenye pipa tunaweza kuikisia: uliweka maganda ya viazi kwenye pipa la taka za jikoni yakiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Maganda yatupwe yenyewe au kwenye gazeti. Plastiki na makopo yana pipa au mfuko wa njano, karatasi ni la bluu, na chupa za vioo zinapelekwa kwenye makontena ya mtaani kwa rangi zake, lakini si Jumapili wala usiku. Zile chupa zilizolipiwa amana (senti 25 kwa nyingi za plastiki na makopo) rudisha dukani. Rangi za mapipa hutofautiana kidogo mji kwa mji, halmashauri ina karatasi yenye picha.

Ukishayarekebisha hayo mawili, shuka umgongee bibi huyo kengele siku ya kazi saa kumi hivi alasiri, usikae, na usibebe sinia. Sahani ndogo ya maandazi na sentensi moja inatosha: kwamba umejua sasa saa za utulivu. Mtu anayegonga dari na kubandika karatasi mara nyingi ndiye pia atakayepokea vifurushi vyenu mkiwa hampo.

Kijana wako tumemfikiria sana. Mtoto anayeingia lugha mpya akiwa na miaka 8 anaweza kunyamaza miezi kadhaa bila kuwa na tatizo lolote. Anajaza ghala kwanza. Cha kupima ni kama anafuata maelekezo ya mwalimu, anacheza na wenzake hata kimyakimya, na nyumbani anaongea Kiswahili au Kisambaa kama zamani. Kama nyumbani pia amenyamaza, halali au analowesha kitanda, nendeni kwa daktari wa watoto, na masikio yapimwe. Kwa mwalimu nendeni wote wawili na maswali yaliyoandikwa: anapata vipindi vingapi vya Kijerumani cha ziada kwa wiki, anakaa na nani, na ni mtoto gani mmoja anaonekana kumpenda. Huyo mmoja ndiye mlango. Mwandikie mama yake kadi, umwalike mtoto wake Jumatano kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, na uandike saa ya kuisha, kwa sababu watamfuata dakika ileile. Mmoja tu, si wanne. Nyumbani msianze kumsemesha Kijerumani chenu cha kuokoteza. Mpe lugha yenu nzima, hadithi na sala, Kijerumani atakichukua kwa wenyewe.

Na kuna kitu ambacho Usambara mnacho tayari. Matarumbeta ya kwenye ibada zenu yalikuja na wamisionari wa Kijerumani, baada ya Johanssen na Wohlrab kufungua kituo cha Mlalo mwaka 1891. Huko uliko kundi la namna hiyo linaitwa Posaunenchor, sharika nyingi zinalo, na mara nyingi huwapa watoto wanaoanza ala ya kuazima na mwalimu bila malipo. Miaka 8 ni umri mzuri, meno ya mbele ya utu uzima yakishatoka. Kupuliza hakuhitaji sarufi. Mtoto asiyesema darasani anaweza kukaa saa nzima kati ya wenzake akifanya wanachofanya, na sehemu ya tuni hizo anazijua kutoka nyumbani.

Kuhusu washarika: ile "njooni siku moja" kwao ni ukarimu wa kweli lakini si mwaliko mpaka iwe na tarehe. Wanangoja wewe useme. Jumapili ijayo akiisema mtu, toa daftari umwulize papo hapo: Wann passt es Ihnen? Siku ipi inakufaa? Ikitajwa saa, isikilize kwa makini. Halb vier ni saa tisa na nusu alasiri, si saa kumi na nusu. Wageni huchelewa saa nzima kwa sababu ya neno hilo moja. Kupiga hodi bila taarifa wao wanaona ni kumvamia mtu, ndiyo maana hawajaja, na kwa heshima yao kwenu hawatakuja.

Nafasi yako ya mwenyekiti wa wanawake pia ina mlango. Ijumaa ya kwanza ya Machi ni Siku ya Maombi ya Dunia, unayoijua vizuri. Huko wanaiita Weltgebetstag, na wanawake wa Kiprotestanti, Kikatoliki na wengine wanaiandaa pamoja wiki hizi hizi. Mwombe katibu wa usharika jina la anayeongoza maandalizi. Wana upungufu wa waimbaji, na wa watu wa kupika, karibu kila mahali. Wakati huohuo jiandikishe kozi ya lugha ya kitaifa: saa 600 za lugha na 100 za maisha na sheria za nchi, kila "saa" ikiwa dakika 45. Binti yako mdogo ana haki ya nafasi ya chekechea kwa umri wake, lakini omba sasa, kwa sababu foleni ni ndefu na wiki za kwanza watataka mzazi akae naye hadi azoee. Na Baba Mchungaji achague siku moja ya wiki ambayo simu ya usharika haipokelewi, barua za wiki zifunguliwe mezani mkiwa wawili. Hilo tunamwandikia yeye.

Ugali, kwa ufupi: ulinunua Speisestärke, huo ni wanga mtupu wa kufanyia mchuzi uwe mzito. Tafuta Maismehl mweupe kwenye duka la Waafrika, au wa njano uliosagwa laini kwenye duka la Waturuki. Wa polenta, ule wa Kiitaliano, ni chenga. Ukiutumia, kwa lita moja ya maji chukua gramu 450 hivi, pika theluthi yake kwanza kama uji dakika kumi ukiwa umefunikwa, ndipo usonge na uliobaki.

Umeuliza kama urudi. Usiamue Februari. Siku ni fupi, mtoto anaumwa na ukuta ni mweusi, na uamuzi wa mwezi huo unaufanya ukuta. Amueni Mei, baada ya kuona mtoto analala vipi kwenye chumba chenye joto. Ukiamua kweli kurudi na watoto, ujue kibali cha ukaazi kwa kawaida hufa mwenye nacho akikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita, na kuanza upya ubalozini ni safari ndefu. Uulize kabla ya kukata tiketi, kama kuna ruhusa ya maandishi ya kukaa zaidi. Ukitaka kwenda kupumua tu, nenda likizo ya kiangazi ya wiki sita. Nje ya likizo shule haimwachii mtoto bila ruhusa, na faini yake ni kweli.

Ukienda, muone daktari wiki sita kabla kwa ajili ya dawa za kinga ya malaria, hata kama kwenu ni milimani, maana mtapita Tanga au Dar, na kinga ya mwili waliyokuwa nayo watoto inapungua wakikaa mbali. Mkirejea Ujerumani na yeyote akapata homa, hata miezi michache baadaye, usikubali kuambiwa ni mafua kabla ya kupimwa. Piga 116117, namba ya daktari wa zamu, usiku au mwisho wa wiki, 112 ya dharura kama hali ni mbaya, na sentensi ya kwanza iwe hii: Wir waren in Tansania, yaani tulikuwa Tanzania. Kisha udai kipimo cha malaria siku hiyohiyo.